Sura ya Saba: Mikisa Inakumbuka Nini

Usiku wa pili wa harusi moja ya Shela nilifika mapema, magharibi haijaadhiniwa, nikiwa na yakini kwamba nusu ya kazi yangu imekwisha. Usiku wa kwanza tulikuwa tumehangaika saa nzima: matwari manne, filimbi moja ya nai, waitikiaji sita na msomaji mmoja, kila mmoja akimfunika mwenziwe. Tulipopata mlingano uliowaridhisha wote, niliihifadhi hali ile ndani ya mikisa ya kidijitali niliyokuwa nayo, nikaipa jina "Shela 1", nikazima. Sasa nikaiwasha tena na kuliita jina lile. Vitelezi, vile vishikio vya kupandisha na kushusha sauti ya kila chaneli, vikaenda vyenyewe kwa mpigo mmoja, kila kimoja kikakaa pale pale kidole changu kilipokiacha jana. Watoto waliokuwa barazani wakaacha mchezo wakaja kutazama. Nikawarudishia mara tatu, maana hata mimi sijachoka kuliona jambo lile.

Kikundi kilipoanza, sauti haikuwa ile. Matwari yalikuwa mazito, kama yanapigwa ndani ya gunia. Nai ilitoboa masikio. Nikakagua skrini chaneli kwa chaneli, na kila tarakimu ilikuwa ya jana. Nikamwendea mzee aliyeongoza matwari, nikamwambia, "Ami, mashine imerudi pale pale tulipoiacha. Mbona sauti imebadilika?"

Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, wataka sauti ya yana, na matwari hatuyayapasha moto?"

Kijana akatumwa, akarudi na makuti makavu na vipande vya katoni. Moto ukawashwa kando ya ukuta. Mzee akaligeuza twari lake, ngozi ikitazama moto, akawa analizungusha polepole, na kila baada ya mzunguko analigonga kwa ncha ya kidole huku sikio liko karibu. Mara ya kwanza likalia zito na fupi. Akarudia, akarudia tena, na kila mara mlio ukawa mkavu zaidi, hadi ukafika mahali ambapo ulisikika mpaka upande wa pili wa ua bila kipaza sauti. Akampa mwenziwe nafasi. Waliporudi mkekani, mlingano wa jana ulikuwa umerudi, nami sijagusa kitu. Nai tu ndiyo iliyobaki ikitoboa, na sababu yake niliiona nilipoinama: aliyefagia ua alikuwa ameisogeza stendi, na maiki iliyokuwa shubiri mbili kutoka kwenye nai sasa ilikuwa shubiri moja.

Kila fundi wa sauti wa visiwa hivi vya Lamu, apatapo fedha kidogo, hufika mahali pa kuchagua. Anunue mikisa ya kidijitali, ambayo huhifadhi mipangilio yake ndani yake yenyewe? Au aweke fedha hizo kwenye kompyuta na programu ya kurekodia, ambayo nayo huhifadhi kila kitu ndani ya faili na kukurudishia kesho? Wauzaji wa Mombasa watakujibu kwa bei. Vijana watakujibu kwa kile walichokiona kwenye simu zao. Mimi nimekuja kuamini kwamba huwezi kujibu mpaka uulize kwanza kila kimoja kinakumbuka nini hasa, kwa sababu havikumbuki kitu kimoja.

Hamu ya kukumbuka ni ya zamani kuliko mashine hizi. Katika mikisa za analogi, kila kitufe kilikuwa na mahali pake, na mahali hapo hapakuandikwa popote isipokuwa kwenye kitufe chenyewe. Kazi ikiisha na kazi nyingine ikiingia, msaidizi wa studio alikaa na karatasi zilizochorwa vitufe vyote, akaweka alama kwa kalamu, kitufe kwa kitufe, au akapiga picha. Mwaka 1977 studio za AIR za London ziliwekewa mfumo wa NECAM wa kampuni ya Neve, kompyuta iliyosogeza vitelezi kwa mota. Vitufe vingine vyote vilibaki mikononi mwa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Solid State Logic ya Uingereza ikaja na mfumo uliokariri mahali pa kila kitufe na kukuonyesha kwenye skrini, lakini kukizungusha mpaka hapo ilikuwa kazi ya mkono wako. Fikiria meza ya vitufe mamia kadhaa, na wewe unavirudisha kimoja kimoja huku macho yako skrini. Ndivyo nyimbo nyingi za redio za enzi hizo zilivyorudiwa.

Kilichobadilisha mambo ni pale kitufe chenyewe kilipogeuka kuwa tarakimu. Yamaha walitoa DMP7 mwaka 1987, mikisa ndogo ya chaneli nane, ya kidijitali, yenye vitelezi vya mota. Kama sauti imekwisha geuzwa namba na kila amri ni namba, kurudisha hali ya jana ni kuzisoma namba za jana. Ikafuata ProMix 01 mwaka 1994, halafu 02R mwaka 1995, na studio za kati zikaanza kuonja kilichokuwa cha matajiri. Kwetu sisi mwaka mkubwa ni 2012, ilipotoka Behringer X32: maiki 32, nafasi 100 za kuhifadhi hali nzima ya mikisa, ambayo mafundi huiita sini, kwa bei ambayo msikiti, kanisa au mtu wa kukodisha vyombo vya harusi angeweza kuifikiria.

Programu nazo zilikuwa zikija kwa njia yao. Cubase ilianza mwaka 1989 kwenye kompyuta za Atari, ikishughulika na noti badala ya sauti yenyewe. Pro Tools ikaja mwaka 1991. Reaper, ambayo ndiyo ninayoitumia, ilifika toleo lake la kwanza kamili mwaka 2006, na faili lake la kusakinisha ni dogo kiasi kwamba hata mtandao dhaifu wa kisiwani hulishusha.

Sasa tufungue vifua vyao tuone.

Chukua sini moja ya X32, ihamishe kwenye flashi, halafu ifungue kwa programu yoyote ya kuandikia. Utakuta maandishi ya kawaida. Karibu kila mstari unaanza na mkwaju na anwani: chaneli ya kwanza, chaneli ya pili, na kuendelea. Mmoja unakupa jina na rangi uliyoipa chaneli. Mwingine unakwambia iko wazi au imefungwa, na kitelezi chake kiko desibeli ngapi juu au chini ya sifuri. Mwingine ni wa ikwalaiza: masafa haya yamepunguzwa hivi, kwa upana huu. Mistari inakwenda mamia kwa mamia. Nimeisoma sini ya "Shela 1" kwa njia hiyo, jioni moja nikiwa sina kazi, na nakuhakikishia kwamba ndani yake hamna twari wala nai wala mtu. Kuna neno "nai" tu, nililoliandika mwenyewe ili nisisahau waya umeingia wapi.

Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mikisa. Inakumbuka mkono ulikuwa wapi. Haikumbuki mkono ulikuwa ukijibu nini.

Na hata mkono wenyewe haukumbukwi wote katika kila mashine. Ukinunua mikisa iliyotumika, na nyingi zinazofika Pwani zimetumika, uliza swali moja kabla ya kutoa fedha: je, geini ya maiki inahifadhiwa? Geini ni ile nguvu ya kwanza kabisa, inayoikuza sauti ya maiki kabla haijageuzwa namba. Yamaha 01V96 ya mwaka 2003 ni mashine imara na inahifadhi sini 99, lakini vitufe vyake vya geini ni vya analogi. Utaita hali ya jana, kila kitu kitarudi, na geini itabaki pale mtu wa mwisho alipoizungusha. PreSonus StudioLive 16.4.2 ya mwaka 2009 iko hivyo hivyo kwa geini, na vitelezi vyake havina mota. Inakuonyesha taa, nawe unasukuma kitelezi mpaka kilingane na kumbukumbu. Si ubaya. Fundi akijua, anafunika vitufe vya geini kwa utepe wa karatasi na kuandika namba kwa kalamu. Asipojua, atashinda usiku akitafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Kwa mashine zinazohifadhi geini pia, hatari inageuka upande wa pili. Nilikuwapo usiku mmoja ambapo fundi, kwa nia njema, aliita sini ya jana katikati ya dua. Jana msomaji alikuwa na maiki ya mkononi. Leo alikuwa na ile ndogo ya kubana kwenye kanzu, kwenye chaneli ile ile. Geini ikaruka, spika zikapiga mluzi wa kukata, na watu waliokuwa wameinua mikono wakaziba masikio. Mashine hizi zina njia ya kuikinga chaneli ili isiguswe na sini yoyote. Mtu anayeshughulika na ibada za watu analazimika kuijua njia hiyo kabla ya kujua jinsi ya kuongeza mwangwi.

Rudi kwenye lile twari. Ngozi hunywa unyevu. Ukiipasha moto baada ya isha, saa nne usiku imeanza kulegea, na wapigaji wataomba moto tena. Kwa hiyo hata ndani ya usiku mmoja hali uliyoihifadhi saa mbili haiko sawa saa tano. Hilo ni la usiku mmoja. La mwaka ni kubwa zaidi, na nilichelewa kulielewa.

Maulidi ya Lamu husomwa mwezi wa Mfungo Sita, na kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha, mtaa wa Langoni, aliouasisi Habib Saleh. Yeye ndiye aliyelipa nguvu hapa lile maulidi lililotungwa Hadhramaut na Ali bin Muhammad al-Habshi, linalosomwa kwa matwari na nai, na wageni huja kutoka Pwani nzima. Fundi anayefanya kazi karibu na sherehe hizo, katika majumba na barabarani, hutamani sana kuhifadhi hali ya mwaka huu aitumie mwakani. Lakini mwezi wa Kiislamu husogea siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa Kizungu. Mfungo Sita ya 2012 iliangukia Januari na Februari, wakati wa kaskazi. Ile ya 2024 iliangukia Septemba hadi mwanzo wa Oktoba, kusi ikimalizikia. Upepo unaopiga maiki umehama upande, unyevu wa ngozi si ule, na hata watu wamekaa kwingine kwa sababu wanafuata au wanakimbia upepo. Sini ya miaka mitano nyuma inaweza kuwa imetokana na msimu mwingine kabisa. Mikisa itaiita kwa uaminifu wake wote, na itakuwa imekosea.

Basi hali iliyohifadhiwa ina faida gani? Ina faida kubwa, na nisieleweke vibaya. Inakuokoa saa ya kuanza kutoka sifuri. Nyaya zimepangwa, majina yapo, masafa yale ya ngurumo ya upepo yameshakatwa kwenye kila maiki, njia za kupeleka sauti kwa wapigaji wenyewe zimeshafunguliwa. Ukifika Mtangawanda, kisiwani Pate, kwa boti iliyosubiri maji yajae, na kutoka hapo ukabeba vyombo hadi Siyu, na sherehe inaanza baada ya isha, saa hiyo moja ni tofauti kati ya kazi na aibu. Nazipenda mashine hizi kwa sababu hiyo. Ninachosema ni kwamba sini ni mahali pa kuanzia.

Programu ya kurekodia inakumbuka kwa namna nyingine. Faili la kazi la Reaper nalo ni maandishi, unaweza kulifungua na kulisoma, na lina namba zilezile: kiasi, upande, ikwalaiza, kompresa. Tofauti iko kwenye folda. Kando ya maandishi hayo zimekaa sauti zenyewe, kila maiki na faili lake, kabla hazijaguswa na chochote. Ukiita kazi ya mwaka juzi, namba zinakutana na sauti ile ile zilizotengenezewa. Ngozi ndani ya faili hailegei. Nai iko shubiri mbili milele. Kwa hiyo kompyuta peke yake ndiyo inayoweza kukurudishia miksi kamili kwa maana halisi ya neno hilo.

Kwa maneno hayo mtu angedhani nimekwisha chagua. Ngoja nikueleze ya Siyu.

Miaka kadhaa iliyopita niliwarekodia watu wa kikundi kimoja cha kaswida ndani ya nyumba ya kale. Nilikitaka chumba cha ndani kabisa kwa ajili ya zidaka zake. Vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba, maana upana wake haukuweza kupita urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na chumba kama hicho chenye kuta tupu hurudisha mlio vibaya. Lakini ukuta wenye zidaka, zile safu za vishubaka vya chokaa vilivyowekewa sahani za kauri, huuvunja mlio vipande vipande. Sijawahi kusikia sauti ya mtu ikikaa vizuri kuliko mbele ya ukuta ule. Niliweka maiki nane, nikarekodi moja kwa moja kwenye kompyuta, nikachanganya kwa wiki mbili, nikawapa.

Baadaye msomaji wao akafariki. Baada ya arobaini, mwanawe alikuja kwangu Lamu. Alizungumza habari za boti na bei ya mafuta kwa muda mrefu kabla ya kusema lililomleta. Mama yake alitaka kusikia sauti ya mumewe peke yake, bila matwari.

Kompyuta niliyoifanyia kazi ile ilikuwa imekufa. Nilikuwa na nakala kwenye diski ya nje, na kompyuta mpya. Nikafungua faili la kazi, na kila mahali palipokuwa na plagini, zile programu ndogo zinazoongezwa ndani ya programu kubwa, pakatokea ujumbe kwamba haipatikani. Nyingine zilikuwa za zamani, na mfumo mpya haukuzipokea tena. Apple, kwa mfano, waliacha kabisa kuendesha programu za biti 32 walipotoa Catalina mwaka 2019, na plagini nyingi za zamani zikanyamaza. Nyingine zilikuwa nakala nilizopewa mkono kwa mkono, zisizo na leseni, kama tulivyofanya wengi wetu, na sikuwa na pa kuzipata tena. Mwangwi niliouchagua kwa siku mbili, kompresa niliyoipima kwa robo desibeli, vyote vilikuwa majina matupu. Miksi yangu ya wiki mbili haikuwapo. Mambo niliyoyaona kuwa ndiyo ustadi wangu ndiyo yaliyopotea kwanza.

Lakini faili la chaneli ya tano lilikuwapo, sauti tupu ya WAV isiyohitaji plagini ya mtu. Nikaliwasha. Kwenye kimya cha kabla ya ubeti wa kwanza tulimsikia marehemu akivuta pumzi, akisema "bismillahi" kwa sauti ya chini ambayo katika miksi ilifunikwa na matwari. Kijana akaomba nirudie. Tulikaa pale mpaka adhana ya alasiri, tukisikiliza mtu mmoja akiimba mbele ya ukuta wa zidaka.

Tangu siku hiyo, kazi ikiisha, natoa kila chaneli kuwa faili kamili la WAV linaloanza sekunde ileile na wenzake, mara mbili: moja tupu, moja ikiwa na ikwalaiza na kompresa yake ndani. Natumia biti 24, kama wahifadhi wa sauti wa kimataifa wanavyopendekeza. Faili la namna hiyo hufunguka katika programu yoyote. Mwenye kulifungua hatahitaji kompyuta yangu, wala leseni yangu, wala mimi mwenyewe.

Wako waliotangulia kutufunza hili bila kukusudia. Mwaka 1985 kampuni ya Folkways ya New York ilitoa santuri tatu zilizorekodiwa Lamu na Alan Boyd, Music of the Waswahili of Lamu, Kenya: ya kwanza ya maulidi, ya pili ya nyimbo nyingine za dini, ya tatu ya nyimbo na ngoma za kidunia. Miaka miwili baadaye hazina ya Folkways ikaingia mikononi mwa Smithsonian, Washington, ambako iliendelea kupatikana, na leo mtu aliye Faza anaweza kuzisikiliza kwa simu. Hakuna anayeweza kuipandisha nai ndani ya santuri zile. Mlingano ulikwisha amuliwa pale pale. Lakini sauti ipo. Kanda za taarabu zilizonakiliwa na kuuzwa Mombasa, kama zile za Mbwana Radio Service, nazo ziko hivyo. Udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, umetufikia kwa sababu mtu alihifadhi kanda, si kwa sababu mtu alihifadhi mahali pa vitufe.

Ndiyo maana naona swali la mikisa au programu limeulizwa vibaya tangu mwanzo. Mikisa nyingi za kidijitali za leo zina tundu la USB linalopeleka kila chaneli kwenye kompyuta, kila moja peke yake. X32 hupeleka 32, na ndugu yake mdogo XR18, isiyo na vitelezi kabisa, hupeleka 18. Mikisa inaendesha sherehe, kompyuta iko chini ya meza inarekodi maiki tupu. Hesabu yake si kubwa. Chaneli moja ya biti 24 kwa sampuli 48,000 kila sekunde hula baiti 144,000. Zidisha kwa chaneli 16, zidisha kwa sekunde 3,600, unapata gigabaiti 8.3 kwa saa. Maulidi ya saa nne ni gigabaiti 33 na ushei. Diski ya nje ya kawaida itabeba misimu mingi ya harusi.

Faida ya pili ya mpango huu nilitamani ningeijua Shela. Sauti zilizorekodiwa jana zinaweza kurudishwa kutoka kompyuta kuingia kwenye mikisa, kila moja kwenye chaneli yake, kana kwamba wapigaji wamekaa mkekani. Unafika alasiri, hakuna mtu, unaita sini ya jana na unaichezea sauti ya jana. Ikisikika vizuri, mikisa ni nzima, spika ni nzima, na ua ni ule ule. Wapigaji wakija na sauti ikawa nyingine, unajua kwa yakini kwamba tofauti iko kwenye ngozi, au kwenye stendi iliyosogezwa, na unakwenda kuangalia huko badala ya kuvuruga tarakimu zilizo sahihi. Maiki ikisogea kutoka shubiri moja hadi mbili, sauti inayoifikia moja kwa moja hupungua karibu desibeli sita. Hakuna ikwalaiza ya kutibu hilo. Tiba ni kuisogeza stendi.

Mengine niyapitie haraka. Chumvi inakula mota za vitelezi, basi funika mikisa kwa kitambaa kikavu kila usiku, na isipande punda bila sanduku lenye sponji, wala isikae sakafuni mwa mashua. Mikisa isiyo na vitelezi haina cha kushika kutu upande huo, lakini inategemea waifai, na katika umati wenye simu mia tano mfukoni mawimbi yale hujaa. Vuta waya kati ya mikisa na kompyuta, tableti iwe ya kutembelea tu. Umeme ukikatika, kompyuta ina betri yake na itaendelea kurekodi kimya, lakini mikisa itazima na sherehe itazima nayo. Betri ya akiba ya mikisa ni ya kununuliwa siku moja na mikisa.

Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu? Anayefanya harusi na maulidi anunue mikisa, yenye geini inayohifadhiwa na yenye USB ya chaneli nyingi, kisha aazime kompyuta ya jamaa kwa usiku mmoja. Kijana wa Langoni anayetunga nyimbo zake chumbani anunue kompyuta na maiki nzuri. Asiache kutoa zile faili tupu, hata wimbo ukiwa wa kupuuzwa, kwa sababu hajui nani atakuja kuomba nini.

Cha mwisho nilichoongeza ni daftari. Nilimrudia yule mzee wa Shela mwaka uliofuata, kwenye harusi nyingine, nikamwonyesha ukurasa nilioujaza usiku ule: matwari yamepashwa moto mara mbili, baada ya isha na saa nne, nai shubiri mbili, upande wa kushoto wa mdomo, upepo wa kusi, mlango wa ua wazi, watu wamejaa hadi kizingitini. Akaniomba nimsomee, maana hakuwa na miwani. Nikasoma polepole. Akaitikia kila mstari kwa kichwa, halafu akanyamaza kidogo.

"Twari la Ali, ngozi yake ilikuwa mpya usiku ule," akasema. "Ya mbuzi, haiyakaa. Ndiyo ilokuwa ikilegea kabla ya zingine. Hilo hukuandika."

Nikachukua kalamu, nikaandika: twari la tatu, ngozi mpya. Akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akaenda kuwasha moto.